Seva ya Wanaongoja Pweza

Juzi, kwa fundi wa kompyuta mtaani Ngamiani, mama mmoja muuza pweza aliweka simu mezani. Programu yake ya kuwajulisha wateja mzigo ukifika kutoka Kigombe ilikuwa imekwama, na pweza wa siku iliyotangulia wakamdodea.

“Mama, seva hii, yaani mtambo unaoendesha programu yako, inampa kila mteja anayengoja mhudumu wake. Wahudumu wakiisha, wengine hawaingii,” alisema fundi. “Nakuwekea nyingine, mhudumu mmoja awashike wote.”

“Hatachoka, mwanangu?”

“Kungoja hakumchoshi.”

Alipomaliza, mama akatuma habari ya mzigo wa siku hiyo. Papo hapo simu yake ikaanza kuita mfululizo, wateja wakitaka kupunguziwa bei.

Akamgeukia fundi, mkono kiunoni. “Na mimi utanibadilisha na nini?”

Fundi akacheka. Seva ya kuwashika wateja wanaongoja anayo. Wa kubishana bei na wateja ni mama mwenyewe.