Jogoo wa Jamestown

Kuna siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Ndiyo, nakuita mwanangu, ingawa ndevu zangu bado zinajadiliana kama zitoke au zisitoke. Wewe uko kidato cha kwanza, mimi cha tatu, kwa hiyo tulia umsikilize mzee.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Mwalimu wetu wa historia, kijana kutoka Amerika, alitaka tuwaigizie wazazi jinsi mji wa Jamestown ulivyoanzishwa kwao. Waingereza walishuka melini, wakajenga boma la pembe tatu, wakahangaika kutafuta dhahabu badala ya kulima. Njaa ikawashika, wenyeji wakawapa mahindi. Baadaye wageni hao wakanogewa na tumbaku, wakayataka na mashamba ya wenyeji. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa wageni.

Nilishuka kwenye meli ya mabenchi mawili, shoka begani, jogoo kwapani, kama mtu wa kwetu Migori anayekwenda kufungua boma jipya, maana kwetu boma halifunguliwi bila vitu hivyo viwili. Wazazi wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nikala mahindi yote, kisha nikamwambia mwenyeji wangu asogee nipande tumbaku.

Hapo mzee Oloo akasimama. Sisi nyumbani tulikuwa jodak, watu wanaoishi kwenye ardhi ya ukoo mwingine, na ardhi tuliyokaa ilikuwa yake. Baba alikuwa amemwomba mahali pa kujenga boma lake, akawa bado anangoja jibu. Baba akakodolea macho viatu vyake.

"Nyathina," yaani mwanangu, mzee akasema, "nikikupa mahali pa huyo jogoo wako, mimi nitasogea mpaka wapi?"

Mwalimu akaninong'oneza niendelee na mchezo. Nikavua kofia yangu ya karatasi.

"Jaduong', mzee wangu, hawa Waingereza walifanya hayo, siwezi kuyafuta. Lakini mimi nitakaa pale utakaponionyesha, na watoto wangu nitawaambia ni nani alituonyesha."

Mzee akauliza kama jogoo ni wetu. Nikasema ni wa mpishi wa shule. Basi akamwambia baba atafute jogoo wake mwenyewe, aje naye Jumamosi.

Boma letu liko pale alipotuonyesha.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifika kwa watu, hata kama ni bweni hili tu, uliza kwanza umewakuta akina nani, na ukishashiba usimwambie aliyekulisha asogee. Mzaha fanya, hata mimi siachi. Lakini swali la kweli likija, vua kofia, ujibu kwa kinywa chako. Mungu akupe mahali pa kukaa, na majirani watakaofurahi wakiona moshi wa jiko lako.