Mama wa Kimbo Alipotufungulia kwa Maombi

Nianze na kosa langu, nisije nikazunguka huku na huku nikijisafisha. Nilimcheka mama wa watu akiwa katikati ya maombi, nami ndiye niliyekuwa mwalimu wake.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya wa kozi yetu ya mtandaoni. Ni kozi ya walimu wa chekechea, wale waliofundisha miaka mingi bila cheti na sasa shule zinawaambia walete karatasi au waende nyumbani. Mimi hufundishia kwangu Kiganjo, hapa Thika, kwenye meza ya chakula, juu shati lililopigwa pasi na chini suruali ya kulalia. Napenda kusikia watu wakisema darasa langu halina usingizi. Ulimi wangu ni mwepesi tangu utotoni. Mamangu alinichapa mara nyingi kwa ajili yake, na sioni kama ilisaidia.

Kwetu mkutano hauanzi bila maombi, hata uwe wa kuchagua rangi ya geti. Kwa hiyo wanafunzi walipomaliza kujitambulisha niliuliza nani atatufungulia. Wengi waliinamisha vichwa haraka wasije wakaitwa. Ndipo mama mmoja akasema, "Mwalimu, wacha niombe mimi."

Nilikuwa nimeshamsikia akijieleza. Alifundisha watoto wadogo pale Kimbo, Ruiru, miaka kumi na minane, tayari ana wajukuu, na mkuu wake alikuwa amempa hadi mwisho wa mwaka awe na cheti. Uso wake sikuuona. Kamera yake ilionyesha mabati na pembe ya kalenda tu.

Akaanza. Alishukuru kwa pumzi, kwa mvua, kwa stima kutopotea asubuhi hiyo. Akawaombea wagonjwa, wafungwa, madereva, watoto wa darasa lake mmoja mmoja. Kufikia dakika ya nne macho yangu yalikuwa wazi. Mke wangu alikuwa jikoni akikata sukuma wiki, nami nikamgeukia nikiwa na hakika kwamba nimezima maiki.

"Huyu shosho wa wajukuu anaomba ni kama ako kesha," nikasema. "Na simu ameishika ni kama anaianika. Nakwambia huyu hatamaliza wiki mbili."

Mke wangu hakucheka. Alinyoosha kisu kuelekea kwenye kompyuta. Nilipotazama, mraba wangu ulikuwa umezungukwa na ule mstari wa kijani unaoonyesha ni nani anayezungumza.

Mama alikuwa amenyamaza. Nilisikia kuku upande wake. Kisha akaendelea kwa sauti ile ile, ila polepole zaidi: "Na Baba, umbariki mwalimu wetu, umpe uvumilivu na sisi. Ni hayo machache tumeomba." Amina iliyofuata haikuwa ya mtu mmoja. Zilikuwa sauti kadhaa za wanawake, zote kutoka kwake, na wakati huo sikujiuliza ni za nani.

Sikuomba msamaha, na hapo ndipo aibu yangu inapouma hasa. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo ulipohitajika uligeuka jiwe. Nilikohoa, nikasema asante mama, nikafungua ukurasa wa kwanza wa somo. Ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa: KARIBUNI, HAPA KILA MTU ANA NAFASI. Nikausoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya watu walionisikia.

Baada ya dakika kumi mraba wake ulitoweka. Jumamosi iliyofuata hakuingia.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia, "ungetaka mtu amwambie mamako hivyo?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba pengine huko Kimbo network inasumbua. Huwa mkali ninapojua nimekosa.

Siku tatu baadaye nilichukua namba yake kwenye fomu nikampigia. Alisema tu, "Karibu mwalimu," akanielekeza nyumbani kwake. Nilipoingia sebuleni kwake niliitambua ile kalenda. Viti vilikuwa vimefunikwa vitambaa vyeupe, na madaftari ya watoto yamepangwa chini ya meza. Nikaanza hotuba niliyokuwa nimeiandaa tangu Thika. Akanikatiza.

"Mwalimu, kunywa chai kwanza."

Nilikunywa. Ilikuwa chai nzuri ya maziwa.

"Siku hiyo sikuwa peke yangu," akasema. "Wamama wa kikundi chetu cha kanisa walikuja kunisindikiza. Kwetu mtu akienda college lazima asindikizwe. Sasa yangu iko kwa simu, wakakuja hapa. Tulikuwa saba, na leso za kikundi. Niliinua simu ndio tuonekane wote. Sikujua vile kamera inageuzwa."

Nilizungusha kikombe mezani.

"Walisikia yote. Mmoja akauliza, huyu mwalimu ni mtoto wa nani?"

Nikamfikiria mamangu, ambaye naye huomba hadi chai ikapoa. Nikasema, "Nisamehe, mama." Macho yangu yalikuwa kwenye kikombe.

"Nilikusamehe kwa hayo maombi. Kwani hukusikia?" Akanijazia chai. "Nitarudi, cheti nakihitaji. Lakini hao wamama sitawaita tena."

Alirudi kweli. Jumamosi hiyo niliomba msamaha mbele ya darasa zima, nikisoma kwenye karatasi ili ulimi usinitoroke. Maji yalikuwa yameshamwagika. Mizaha yangu haikuchekwa tena na kamera yake haikuwashwa tena. Kazi zake zilikuja kwa wakati, safi, na nilichojifunza kuhusu watoto wanaolia siku ya kwanza shuleni nilikipata kwenye majibu yake. Mwaka haukuwa umeisha alipofaulu kuliko wengi ambao vichwa vyao vilikaa vizuri katikati ya skrini.

Siku ya mwisho ya kozi nilitaka kurekebisha kosa langu. Nilimtaja kwa heshima zote, nikamwomba atufungie kwa maombi. Maiki yake ilifunguka. Nilisikia kuku wale wale.

"Omba tu wewe, mwalimu," akasema. "Mimi huomba ndefu."

Hakuwa na kejeli sautini. Nikafumba macho nikaomba, na hata dakika moja haikuisha, maneno yakaniishia.