Wiki Sita za Merepeka

Merepeka alirudi kwao Paemahana, kando ya ziwa, mwezi wa Februari akiwa na miaka thelathini na mmoja na begi moja la turubai. Kazini aliomba ruhusa ya wiki sita. Huko Australia ya magharibi alikuwa dereva wa malori ya mgodini, yale ambayo tairi moja linamzidi mtu kimo, na aliwaambia wenzake wasimpe mtu mwingine kabati lake la nguo.

Aliyemwita ni kaka yake, Tamahou. Mama yao, Kataraina, alikuwa amepatwa na kiharusi, na kambi ya familia, tunayowapangishia wasafiri viwanja vya kulala, ilikuwa imefurika wageni wa kiangazi. Mahema yalifika hadi ukingoni mwa ziwa. Nyuma yake yalijipanga magari-nyumba, yale ambayo watu huyaendesha mchana na kulala humo humo. Mimi ni binamu yao, naitwa Huria. Nilikuwa nafua mashuka na kusafisha mabafu ya maji moto, kwa hiyo nilikuwapo aliposhuka garini, mweusi kwa jua la jangwani, akicheka.

"Umekonda," mama yake alimwambia kwa upande mmoja wa mdomo. "Huko hawapiki?"

"Wanapika, Mama. Hawajui kupika tu."

Wiki sita zikaisha. Tamahou akamwambia, "Dada, subiri Pasaka ipite, unajua kambi inavyojaa." Pasaka ikapita. Kisha paa la mabafu likaanza kuvuja, maana mvuke wa hapa kwetu, unaotoka ardhini, unakula mabati kama mchwa. Kisha mama akawa hawezi kugeuzwa kitandani na mtu mmoja. Mwezi wa Agosti Tamahou akapata kazi Brisbane, ya mwaka mmoja tu, alisema, akaondoka na mke na watoto. Mgodini walimngoja Merepeka miezi minne. Baada ya hapo lori likapata dereva mwingine, na kabati likapata nguo za mwingine.

Mama aliishi miaka kumi na moja. Alilala na funguo za kambi chini ya mto, na kengele ya shaba mkononi. Kengele ikilia, Merepeka aliacha alichokuwa nacho, kiwe ufagio, kiwe kikombe cha chai, kiwe mgeni aliyekuwa akiongea naye, akaenda. Kataraina hakuwa mama mbaya. Alikuwa mtu aliyefungiwa ndani ya mwili wake, na binti yake ndiye aliyekuwa mikono na miguu.

Tulipomzika, siku tatu za msiba pale kwenye uwanja wa ukoo, wazee wakazungumza juu ya ardhi. Mmoja akasimama akasema, "Kambi haina shida. Merepeka ataendelea." Watu wakaitikia, wengine wakapiga makofi. Mwenyewe alikuwa amesimama katikati yao na birika la chai, anawamiminia. Hakuna aliyemuuliza. Nami sikumuuliza. Nilinyoosha kikombe changu.

Kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa kupima ardhi. Viwanja vya chini, karibu na maji, vina joto. Wakati wa baridi wageni huvipenda kwa sababu sakafu ya gari inakuwa vuguvugu kama kitanda kilichotoka kulaliwa. Lakini joto linahama. Basi alikuwa na fimbo ya chuma yenye alama ya rangi nyekundu. Anaichomeka, ikizama ikapita alama, anakizungushia kiwanja kamba na hakuna anayelala hapo. Zamani, akiwa anainua mti wa lango kumtoa mgeni, alikuwa akiuliza, "Mnaelekea wapi sasa?" Nao wanamtajia miji, milima, vivuko vya kwenda kisiwa cha kusini. Mwaka fulani akaacha kuuliza. Akawa anainua mti, gari linapita, anaushusha.

Mara moja alijaribu kuondoka. Ilikuwa mwaka wa tatu baada ya msiba. Alijaza begi, akaniachia karatasi ya maelekezo kurasa nne, akaenda mjini Rotorua kwenye stendi ya mabasi. Alishakaa kitini, basi limeshawashwa, simu yake ikalia. Ni mimi. Bomba la maji moto lilikuwa limepasuka kwenye bafu la wanaume, maji yanaruka hadi darini, nami sikujua valvu ya kufungia iko wapi. Kwenye zile kurasa nne ilikuwepo, ila kwa woga sikuiona. "Mere, rudi, nakuomba, mtu ataungua!" nilipiga kelele. Akarudi. Hakunilaumu. Alichukua spana, akafunga valvu, akaniambia, "Ukurasa wa pili, Huria." Begi sikuliona tena.

Hivyo ndivyo alivyofikisha miaka hamsini na minne.

Mwezi wa Julai mwaka huo alifika kikongwe mmoja wa kizungu kutoka Timaru, kisiwa cha kusini, anaitwa Noeline, miaka sabini na tisa, peke yake. Gari-nyumba lake lilikuwa basi dogo la zamani ambalo marehemu mumewe alilitengeneza kwa mkono, lenye kitanda, jiko na mapazia ya maua. Alitaka kiwanja cha kumi na nne, chini kabisa, kwa sababu ya nyonga yake inayouma kwa baridi. Wiki hiyo hiyo Tamahou alikuwa amekuja kutoka Brisbane kumzika shangazi yetu, naye amelala kwenye nyumba ya kambi.

Jumamosi, kama saa mbili asubuhi, umande umeganda kwenye nyasi, nilisikia sauti kama ng'ombe anachomoa mguu matopeni. Nikatoka na ndoo. Pua ya lile basi ilikuwa imezama hadi kwenye kioo, na tope la moto linatokota pande zote. Mlango wa ubavuni ulikuwa umebanwa na ardhi. Ndani kikongwe anaita.

Merepeka alinipita akikimbia. Alipitia nyuma ya gari, ambako ardhi ilikuwa bado ngumu, akapanda ngazi ndogo ya bati hadi juu ya paa. Ile anaweka goti la pili juu, ardhi aliyotoka kuikanyaga ikafunguka. Mvuke ukatoka kwa mlio wa filimbi. Sisi tukarudi nyuma hadi kwenye uzio, hatua kama thelathini, na hapakuwa na namna ya kumfikia.

Paa lilikuwa na dirisha dogo la kuingizia hewa. Akaling'oa, mvuke wa ndani ukampiga usoni.

"Mama! Uko wapi?"

"Sema kwa nguvu! Kifaa changu cha masikio kimeangukia huko mbele!"

"Panda kitandani! Miguu isiguse chini!"

"Niko kitandani. Lakini huko ulipo siwezi kupanda, nyonga hii haitaki. Shuka wewe, mwanangu. Usife kwa ajili ya bibi wa watu."

Merepeka akatazama nyuma. "Siwezi kushuka! Pale nilipopandia hapapo tena!"

"Basi tumefungiwa wote wawili," kikongwe alisema, na tukamsikia akicheka kidogo, kicheko cha woga.

"Mimi nimezoea!"

Paora, mkuu wa wazima moto wetu wa kujitolea, ambaye naye ni binamu, alifika na gari lao. Akajaribu ardhi kwa mguu, akaurudisha upesi. "Binamu, usisogee hapo juu!" akapaza sauti. "Tunatafuta mbao!" Mbao zilizokuwa karibu ni za gati la kufungia mashua. Tukaanza kulibomoa, wanaume kwa wanawake, Tamahou mbele na nyundo. Kila ubao ulibebwa hadi uzioni, ukasukumwa juu ya tope, ukafungwa na mwenzake. Ilichukua karibu saa mbili.

Na muda huo wote wale wawili walizungumza. Merepeka alilala kifudifudi, mdomo kwenye dirisha, ili kikongwe asizimie. Na kwa kuwa kikongwe hasikii, ilibidi apige kelele, naye kikongwe akajibu kwa kelele vile vile. Hewa ilikuwa imetulia, ziwa limelala. Tulisikia kila neno.

"Umezoea nini?" kikongwe aliuliza.

"Kufungiwa! Nilikuja hapa kwa wiki sita! Huu ni mwaka wa ishirini na tatu!"

"Huna mume?"

"Nilikuwa na mtu kule mgodini! Alinisubiri mwaka mmoja na nusu! Alikuwa mtu mwema!"

"Na ndugu zako?"

"Wananipenda! Wanakuja Krismasi, wanakula, wanasifu kambi, wanakwenda zao!"

"Uliwaambia unataka kuondoka?"

"Hawakuniuliza!"

"Hilo si jibu, mwanangu."

Huku kwetu nyundo zilikuwa zimenyamaza.

"Sikuwaambia!" Merepeka alisema. "Nilikuwa nawachukia moyoni! Hata mama yangu! Nilimgeuza kila baada ya saa tatu kwa miaka kumi na moja, na kuna siku nilimwomba Mungu amchukue!"

Tamahou alikuwa pembeni yangu, ubao begani. Aliuweka chini. Akautazama. Akaubeba tena, akaenda nao.

"Na kuna jambo jingine, mama! Hapa ulipoegesha sikupima! Wiki nzima sikupima! Nilichoka, nikasema potelea mbali!"

Merepeka aliingiza kichwa chote dirishani, akidhani kikongwe amezimia. Kisha tukamsikia, sauti imekauka: "Niliiona ile kamba imeviringishwa pale kando. Nikajua hapa huwa panafungwa. Nikaegesha kwa sababu nilisikia baridi. Basi tugawane, wewe nusu na mimi nusu."

Paora alivuka juu ya zile mbao akitambaa, na msumeno. Walikata paa kuzunguka dirisha, wakamfunga Noeline mkanda kifuani, wakamvuta kama samaki. Miguu yake ilikuwa imeungua, si vibaya sana. Alipopitishwa mbele yetu kwenye machela alinyoosha kidole akasema, "Nani kati yenu ni kaka yake?" Merepeka alikuwa wa mwisho kutoka, mikono yake miwili imevimba malengelenge. Robo saa baadaye mapazia ya maua yakazama.

Jioni yake tulikaa jikoni, mikono yake imefungwa bendeji. Nilikuwa nimechemsha mifupa ya nguruwe na majani ya mtoni, nikawa namlisha kwa kijiko. Hakupenda kulishwa. Tamahou alisimama mlangoni.

"Dada, kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nazungumza na mtu mwingine. Wewe ulikuwa umetega sikio tu."

"Nitabaki mimi. Kazi nitaacha. Nenda."

"Niende?" Alimwangalia kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake. "Unanifungulia kama kuku wa banda. Niende wapi, Tamahou? Ulipoondoka wewe nilikuwa na mahali pa kwenda."

Tamahou akalia. Merepeka hakulia. Aliniambia chumvi imezidi.

Watu wa ofisi ya usalama walipokuja na daftari zao, tulimshauri aseme alipima. "Nani atajua?" Paora alimwambia. Akawaeleza vile vile alivyomweleza kikongwe, ila safari hii kwa sauti ya chini. Viwanja vyote vya chini vikafungwa kwa seng'enge hadi leo. Noeline alipelekwa kwao akapona, naye hakumshtaki mtu. Kila mwaka anatuma kadi, na kwenye kila kadi anauliza kama Merepeka ameshaondoka.

Aliondoka. Mikono ilipopona alipanda ndege kwenda Australia ya magharibi. Alikuta malori ya mgodi aliokuwa akifanyia kazi yanajiendesha yenyewe, mtu mmoja anayatazama yote kwenye kioo cha kompyuta akiwa amekaa mjini. Yule mtu mwema ana mke na wajukuu. Walimpa chai na keki, wakamwonyesha bustani yao, wakamsindikiza hadi barabarani. Akakaa wiki tano kwenye chumba cha hoteli akiangalia barabara nyekundu. "Nilidhani kuna mlango," aliniambia, "kumbe walishajenga ukuta, wakapaka na rangi."

Akarudi, lakini si Paemahana. Alipanga chumba mjini, juu ya duka la viatu, akapata kazi ya kuendesha basi la shule. Tamahou na mkewe wanaendesha viwanja vya juu. Si hodari kama yeye, mabafu yananuka, ila wapo. Tamahou amemkaribisha mara nyingi, Krismasi, Pasaka, siku ya kuzaliwa. Yeye hujibu kwamba ana safari. Hana safari. Siku hizo mimi humpelekea chakula chumbani, tunakula tukitazama magari.

Njia ya basi lake inapita kwenye kona ya kuingilia kambini, asubuhi na alasiri, siku tano kwa wiki. Mwaka jana nilipanda naye siku moja, nikakaa kiti cha nyuma yake. Watoto walikuwa wanapiga kelele hadi masikio yanauma. Tulipokaribia ile kona nikaona mabega yake yamekaza.

"Bado panakuvuta?" nikamuuliza.

"Kila siku," alisema. "Mguu unaenda kwenye breki wenyewe."

"Na unafanyaje?"

"Nakanyaga mafuta. Kaeni chini huko nyuma!" akawafokea watoto, tukaipita kona.