Mwalimu Nasipwondi na Binti wa Adongo

Miaka kumi na miwili Nasipwondi amefundisha chekechea katika shule ndogo ya binafsi pale Mamboleo, na hajawahi kumpiga mtoto. Hasira ikimpanda, alikuwa akimwomba Adongo, mwalimu wa darasa la pili, awaangalie watoto, anakwenda kwenye tangi la maji, ananawa uso, anarudi. Siri hiyo ilikuwa yao wawili. Mamake Adongo alipofariki huko Kisian, Nasipwondi alikaa matangani siku tatu akipika.

Januari mwaka jana shule ilitafuta mkuu wa chekechea, na kila mtu alijua ni Nasipwondi. Mwalimu mkuu, Madam Ajwang, akamwita ofisini. Akamweleza kwa upole kwamba amesikia watoto humshinda, hata huwakimbia. Nasipwondi akauliza nani amesema hivyo.

"Yule unayemwachia," Madam akajibu.

Siku iliyofuata Adongo akatangazwa mkuu. Nasipwondi aliingia darasani. Alikuwa amepanga kufundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Hata hajaanza, Becky, binti wa Adongo mwenye miaka minne, akavimwagia uji vyote, kisha akamtazama kwa macho yale yale ya mamake.

Mkono ulimwasha, anakiri mwenyewe. Na sasa hakuwa na mtu wa kumwachia darasa. Akaketi sakafuni, akavuta pumzi mpaka sauti yake ikatulia, akawaambia watoto kwamba hesabu za leo ni za kuosha. Wakatoa beseni nje, wakaosha kifuniko kimoja kimoja wakihesabu kwa sauti, Becky akiongoza. Walifika ishirini. Hawakuwa wamewahi kupita kumi na mbili.

Saa ya kwenda nyumbani Adongo alikuja kumchukua mtoto. Alisimama mlangoni.

"Mwalimu, sikutaka iwe hivi. Waliniuliza tu."

"Ungewaambia pia kwamba huwa narudi, Mama Becky."

Adongo akamshika mwanawe mkono, wakaenda.

Hawajagombana, wala hawajapatana. Mwezi wa Aprili Nasipwondi aliomba kazi shule nyingine, akakosa, akabaki. Mwaka huu Becky amepanda darasa. Akimwona Nasipwondi uwanjani humkimbilia na kumkumbatia miguu, na mamake hujifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.