Mguu Mrefu wa Kuruthi

Ipo Jumamosi moja ya Oktoba, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko siku niliyohitimu chuo. Usicheke kwa kuwa nakuita mwanangu. Najua nina miaka thelathini na moja tu, na wewe umeshanipita kwa urefu. Lakini mimi ni dada wa baba yako, na kwetu shangazi ni mzazi hata kama alizaliwa juzi. Wiki iliyopita ulinikuta sebuleni nikihangaika na kile chombo changu cha nyuzi, ukaniuliza kwa Kiswidi kina faida gani. Swali zuri. Nililiuliza kabla yako, tena kwa ukali zaidi. Keti basi nikusimulie, mwishoni nikupe nasaha, kisha uendelee kubisha ukitaka.

Siku hizo nilikuwa nasoma chuo Flemingsberg, nikikaa na Bibi, mama yake baba yangu, kule Rissne. Bibi alikuwa na rafiki yake wa tangu kambi ya wakimbizi, Mrundi, akiitwa Mama Spesiyoza. Huyu mama aliolewa ukubwani, hapa hapa Stockholm, na mtu wa Welisi, ile nchi ndogo ya milima iliyo ubavuni mwa Uingereza. Mumewe aliitwa Mzee Emrys, fundi wa lifti aliyestaafu, wakikaa Upplands Väsby. Kiswahili alikijifunzia jikoni kwa mkewe, kwa hiyo alikiongea kama mtu wa Bujumbura mwenye mafua. Watoto walimcheka, naye akiwacheka wao kwa Kiswahili chao.

Mzee huyu alikuwa na chombo cha kwao, kama hicho changu, cha zamani sana, ambacho kilikaribia kufa kabisa kabla watu wachache hawajakifufua. Kwao huandikwa crwth, bila irabu hata moja tunayoijua sisi. Mama Spesi alikataa taabu hiyo, akakiita kuruthi, na jina likakaa. Ni kama zeze lenye umbo la sanduku la mbao, na mikono miwili inayopanda juu kushika nyuzi sita. Hupigwa kwa upinde. Kila Jumapili, mchele ukiwa motoni, Mama Spesi alikuwa akisema, "Baba, nipigie ule wangu," naye mzee akampigia wimbo ule ule.

Mama Spesi akafariki. Kuanzia siku hiyo mzee hakuigusa kuruthi.

Mwaka ulipokaribia kutimia, ikapangwa siku ya kuondoa matanga, ambayo Warundi wanaiita kuganduka. Siku hiyo aliyefiwa husimama mbele ya watu akatoa la moyoni, la mwisho la msiba, kisha wenzake wanamwachilia arudi kwenye maisha. Asipotoa, hata akila na kutembea, bado amekaa msibani. Mzee Emrys alituambia, "Mimi hotuba siwezi. Nitapiga ule wake. Nikiweza kuupiga, nitakuwa nimemruhusu aende. Nisipoweza, mniache nilivyo." Alisema hivyo akitazama chini, na Bibi akamshika mkono.

Shughuli ilikuwa Jumapili. Ijumaa mzee akaleta kuruthi kwa Bibi, akiwa amezilegeza nyuzi kwa ajili ya safari, na kile kibao kidogo kinachozibeba amekifunga kwenye leso. Jumamosi mimi na yeye tukaenda makaburini kuweka maua. Kwenye treni ya kurudi Rissne nikaanza maswali yangu.

"Mzee, nimesoma kidogo kuhusu hii kuruthi. Eti kile kibao juu yake kimenyooka, kwa hiyo upinde unagusa karibu nyuzi zote kwa pamoja. Violini inachagua uzi mmoja. Hii si kasoro?"

"Hii haichagui," akasema.

"Ndiyo nakuuliza, si kasoro?"

Akacheka. "Mke wangu alisema ni adabu. Alisema hapa hakuna anayeimba huku wenzake wamefungwa mdomo."

Jibu hilo halikuniridhisha. Nilikuwa wa kutoridhika, mwanangu, na kwa sehemu bado niko hivyo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, mimi nikaifanya methali hiyo leseni.

Tulipofungua mlango tukamkuta baba yangu mdogo, Dieudonné, mezani. Unamjua babu yako huyo: seremala, mikono yake haiwezi kuona kitu kimepinda bila kukinyoosha. Makabati yote ya kanisa ni yake. Sura yake ilikuwa inang'aa.

"Mzee wangu, karibu, karibu! Njoo uone. Kile kibao chako kilikuwa kiwete, mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nikasema, mkwe wetu hawezi kusimama mbele za watu na kitu kinachoyumba. Nimekisawazisha. Tazama!"

Akakiweka kibao mezani. Kilisimama sawasawa.

Mzee Emrys alikitazama, akavuta kiti, akakaa bila kuvua koti. Uso wa baba mdogo ukaanza kuzimika taratibu.

"Dieudonné," hatimaye akasema, "ule mguu haukuwa na kosa. Ulikuwa na safari." Akaichukua kuruthi, akachomeka kidole kwenye tundu moja lililo kifuani mwake. "Mguu mfupi unasimama hapa juu. Mrefu unaingia humu, unaenda mpaka chini, unakanyaga mgongo. Nyuzi zikilia, mguu huo ndio unaoupelekea mgongo habari. Ukiukata, mgongo hausikii. Chombo kinakuwa bubu."

Baba mdogo akakaa chini pale pale, juu ya kisanduku chake cha zana. "Mungu wangu," akasema. "Meza ikiyumba tunakata mguu. Ndiyo kazi yangu yote. Nilikuwa nakupa zawadi, mzee."

"Najua."

"Na shughuli ndiyo kesho!"

"Najua, ndugu yangu."

Hapo mimi nikaingia kati. Nani alibuni kitu cha namna hiyo? Kwa nini watu wa violini waliweka kijiti kidogo ndani wakamaliza shida? Kwa nini mzee asipige tu violini ya kuazima, wimbo si ni ule ule? Nilikuwa na hoja, mwanangu, tena zimepangika.

Bibi alikuwa jikoni. Alitoka akijifuta mikono, akasimama mbele yangu.

"Wewe unauliza kama askari wa mpakani," akaniambia. "Swali juu ya swali, na jibu hulitaki. Mimi nimeulizwa hivyo miaka mingi. Anayeuliza kwa kutaka kujua huwa anavuta kiti. Vuta kiti."

Nikavuta kiti. Hakuna profesa aliyewahi kunifundisha mengi kwa maneno machache kama hayo.

Mzee akakigeuzageuza kile kibao mkononi. Kisha mzee akasema kinachohitajika ni ubao wa kuchongea kibao kipya, mwembamba, mgumu, uliokauka miaka, na maduka yanayouza mbao kama hizo yalikuwa yamefungwa. Bibi akarudi jikoni. Alitoka na mwiko wake wa bugali, ndio ugali wetu, ule mpana aliokuja nao kutoka Uvira, Kongo, mweusi kwa moshi na mikono.

"Mama, huo hapana!" baba mdogo akaruka.

"Umekauka au haujakauka?"

"Umekauka, lakini..."

"Basi kata. Kesho tutakula wali."

Jioni ile niliiona kazi ambayo mpaka leo inanilainisha moyo. Baba mdogo alikata, mzee akapima. Kila mara baba mdogo alipotaka kuondoa kidogo zaidi, mzee alimgusa kifundo cha mkono, naye akasimama. Hawakulaumiana hata mara moja. Waliongea habari za Mama Spesi: jinsi alivyokuwa anatia pilipili kwa hasira, jinsi alivyolala kanisani akidai anaomba. Mimi nilishika taa na, kwa mara ya kwanza, niliuliza swali moja kisha nikangoja. Nilimwomba mzee aniambie ni nini hasa alichokipenda Mama Spesi kwenye sauti ile. Akapuliza vumbi la mbao kwenye kibao. "Kwao walikuwa na indingidi, zeze la uzi mmoja tu," akasema. "Baba yake aliipiga. Vita vikaja, hakuna aliyebaki wa kuipiga. Alisema hii yangu ni kama ile, lakini imerudi na ndugu zake."

Kesho yake ukumbi wa wapangaji ulijaa. Mzee Emrys akasimama na kuruthi kifuani, imefungwa mkanda shingoni. Upinde ukagusa, ikatoka sauti ya mkwaruzo, akaacha. Akakaza uzi. Akaanza tena, akaacha. Mtoto mmoja akauliza kwa Kiswidi kama imeharibika, mama yake akamziba mdomo. Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. Nami nilikuwa nasema moyoni, acheni apumue, acheni.

Mara ya tatu ikakubali. Si sauti kubwa, mwanangu. Ni sauti ya chini, yenye kukwaruza kidogo, nyuzi zote zimeshikamana na wimbo unapita katikati yake kama mtu anayepita nyumba yenye watu. Wamama wa Kirundi walianza kuufuata wimbo kwa sauti ya puani, midomo imefungwa. Hakuna aliyewaambia. Mzee alisikia, akafunga macho, akaupiga mpaka mwisho. Kisha akaushusha upinde, akamgeukia dada wa marehemu, akasema, "Shemeji, nimemwachilia."

"Nawe tumekuachilia," dada akajibu. Ndipo watu wakalia, na baada ya kulia wakala wali.

Sasa nasaha, kwa sababu ndiyo niliyoahidi. Sikuambii uache kuuliza. Mimi mwenyewe sijui kama marehemu husikia, na sitajifanya najua ili nionekane mtu mzima. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Utakutana na vingi vilivyopinda machoni pako: desturi za wazee wako, Kiswahili cha mama yako, ndoa ya watu wawili usiowaelewa. Kabla hujakata, chomeka kidole uone mguu ule unakwenda kukanyaga wapi. Ukikuta haukanyagi popote, kata, nami nitakushikia taa. Na ukiwa umeshakata kwa upendo ukakosea, kama babu yako, usikimbie. Kaa hapo hapo utengeneze pamoja na uliyemkosea, maana mkono uliokata unaweza pia kuchonga.

Mungu akupe masikio, mwanangu, akupe na subira ya kuyatumia. Usikose wa kukulilia wala wa kukuitikia. Na siku utakapohitaji kusimama mbele za watu ukamwachilia unayempenda, chochote utakachokishika kikubali kulia.