Alama ya Mzinga kwa Raba za Lori

Siku polisi walipomnyang'anya mama chuma cha kuchomea alama, alikuwa amekishika kwa kitambaa maana kilikuwa bado moto. "Mama, hii alama iko na mwenyewe," wakamwambia. Wakamtajia jina la baba mdogo, ndugu ya baba yangu. Mama akaketi chini kwa vumbi la raba. Hata siku ya matanga ya baba sikumwona akiketi hivyo.

Lakini ngoja, rafiki yangu, nisikuanzishie machungu. Juzi nilipita Emali, trela ikafunga breki karibu na stesheni, ikapumua ile fuuu yake, na harufu ya raba moto ikanirudisha mbio mpaka utotoni.

Baba alikuwa fundi wa akala, zile ndala za tairi kuukuu, hapo Emali, kando ya barabara ya Mombasa. Siku moja dereva wa lori akasimama. Raba yake ya nyuma, ile ya kukinga matope, ilikuwa imeraruka. "Mzee, si unikatie kipande kama hiki?" Baba akakata. Dereva akakigeuza huku na huku akicheka. "Sasa wewe Mkamba, hii ni raba ama ni kiatu?"

"Ni kiatu cha lori," baba akamjibu. "Kikibana vidole, rudisha."

Taniboi, msaidizi wake wa lori, alishuka kuuliza wanachekea nini. Kuanzia hapo lori zikawa zinasimama, na akala zikasahaulika.

Susu, ndiye nyanya yetu, akaja kutoka Kalamba, akaangalia zile raba zikiondoka, akanuna. "Mnapeaje watu vitu havina alama?" Kwetu mzinga wa nyuki hautundikwi bila alama ya ukoo. Mtu akiupata msituni anajua ni wa nani, anauacha. Yetu ni mistari miwili na upinde mdogo juu. "Lori nayo si inanguruma kama mzinga?" susu akasema. "Wekeni alama." Baba akapinda chuma, na kazi ya kukitia motoni ikawa ya mama na mimi. Shule niliiacha mapema na sikulia. Wee, chuma kikigusa raba, tssss! Moshi mweusi, macho yanamwaga machozi, na bado unataka kuchoma ingine! Jioni muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, ulikuwa na ladha ya moshi, tukaula hivyo hivyo na kuramba sufuria.

Halafu lori ya mchanga ya jirani ikaibiwa. Wezi wakaipaka rangi ingine, wakabadilisha namba, raba zetu wakazisahau. Jirani akaiona imesimama Kwa Vonza, akainama nyuma, akapiga nduru soko zima likageuka: "Mzinga! Huu ni mzinga wa Emali!" Lori ikarudi nyumbani, na habari ikakimbia kuliko lori yenyewe. Madereva wakawa wanapiga honi wakiwa bado mbali. "Nataka ile ya mzinga!" Kibanda kikatushinda, tukajenga kingine. Tukapata mashine ya kuchomelea, tukatengeneza bampa za chuma, masanduku ya spana, ngazi za kupandia trela. Shangazi akashona maturubai. Kila kitu na mzinga wake. Sisi watoto tulisimama kando ya lami tukichungulia kila lori inayopita, tukiona alama tunaruka, "Yetu! Yetu hiyo!" Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena.

Baba mdogo alisomeshwa na raba hizo. Sisi tukichoma, yeye akisoma, na tulijivunia, usidhani tulikuwa na wivu. Baba alipokufa, akaja na suti. "Shemeji," akamwambia mama, "mambo ya ofisi niachie mimi." Tukamwachia. Kumbe ameandikisha alama kwa jina lake, akamuuzia mwenye kiwanda wa Nairobi, kisha akatuletea polisi. Siku hizi mzinga wetu unapigwa kwa plastiki, na lori haijafika Mtito Andei plastiki imepasuka.

Pale kwetu sasa ni duka la simu. Madereva wazee wakipita wanapunguza mwendo, wanatutafuta kwa macho, wanaenda. Mama akisikia honi anaingia ndani. Ndugu zangu wametawanyika, nimebaki mimi wa kusema, na nasema: ni wewe, baba mdogo. Si Mungu, si biashara kuwa mbaya.

Wazee wa ukoo wamekubali kukaa Kalamba wasikize kesi hii. Njoo, na uje na huyo mwenye kiwanda aliyenunua mzinga bila kuuliza ulitundikwa na nani. Ukae mbele ya mama utuambie alama ya ukoo mzima ilikuwaje ikawa ya mtu mmoja. Na usituletee Kiingereza cha wakili. Jibu kwa Kikamba, mama asikie mwenyewe.