Vijiti Vyekundu Jikoni kwa Mama

Harufu ya rangi mbichi ya mafuta ikinifika puani, huwa namsikia tena yule muuza nyama wa Uthiru akinitania mbele ya wateja wake: "Huyu wa mahamri? Mtihani hauwezi huyu. Atauza mahamri mpaka aote ndevu." Watu walicheka, nami nikajitwika sinia yangu nikaenda zangu.

Sikusahau. Leo Diploma yangu ya upimaji ardhi, niliyoisomea ng'ambo katika baridi ya kupasua midomo, imetundikwa sebuleni mkabala na mlango, mahali ambapo mgeni lazima aione kabla hajaketi. Najisifu, ndiyo. Mtu aliyesoma kwa taa ya kuazima ana haki ya kujisifu kidogo.

Juzi vijana walipita mtaani kwangu wakipaka alama nyekundu kando ya barabara. Waliniambia wanapima njia ya treni nyepesi, ya kuwatoa watu wa magharibi mwa jiji na kuwafikisha mjini bila kukaa kwenye foleni. Nilicheka peke yangu. Treni hiyo naijua. Ilipita jikoni kwa mama yangu nilipokuwa darasa la saba.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Baba alikuwa karani katika ofisi moja katikati ya jiji, ametutoa Mombasa na kutupangia nyumba ya mabati pale Uthiru, magharibi mwa jiji, ambako asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata kuku walichelewa kutoka. Jirani yetu alikuwa Mama Ayuma, mwenyeji wa magharibi mwa Kenya, mke wa seremala. Yeye na mama walikuwa hawafanani kwa lolote. Mama alivaa buibui na kusema kwa upole wa pwani hata akiwa amekasirika. Mama Ayuma alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kituo cha basi. Lakini siku nzima vyombo vilikuwa njiani baina ya nyumba mbili: mbuzi ya nazi inakwenda, sufuria inakuja. Na kila chombo kilirudi na kitu ndani, mahamri mawili, ndizi, konzi ya njugu. Mimi nilidhani ni ukarimu tu wa watu wazima.

Kilichonihusu mimi ni karabai. Kwetu kulikuwa na koroboi ya kutoa moshi mwingi kuliko mwanga. Kwa akina Ayuma kulikuwa na karabai, na kila jioni nilivuka uani nikaketi mezani pamoja na Ayuma, bintiye, ambaye tulisoma naye darasa moja, tukajiandaa kwa mtihani. Bila karabai ile, muuza nyama angekuwa na haki yake.

Basi Ijumaa moja, baba yuko kazini, nasi watoto tuko shule, na mama kaenda kununua unga, vijiti viliota. Kimoja kando ya tangi la maji, kimoja karibu na kizingiti cha jiko la mama, na kingine katikati ya mahindi ya Mama Ayuma. Vyote vilikuwa vimepakwa rangi nyekundu kichwani, rangi bado inanuka, na kila kimoja kimefungwa utepe wa kitambaa chekundu. Hakuna aliyemwona aliyevichomeka.

Mama alipoviona alishika kifua. Kwao, kijiti chenye kitambaa chekundu mlangoni si pambo. Ni kazi ya mganga, na anayekiruka ndiye anayebeba kilichomo.

"Mwanangu, usikiruke hicho. Pitia nyuma, kule chooni."

"Mama, nitachelewa shule."

"Chelewa. Mguu wako siutaki ukauke."

Baba aliporudi alisema ni vijiti tu. Mama alimjibu kwamba hata nyoka akilala ni kamba tu. Asubuhi yake alimwomba mwalimu wa chuo cha Kurani amwandikie kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi. Akazunguka akivinyunyizia vijiti maji yale, midomo ikichezacheza, mpaka akafika kwenye kile kilichokuwa ndani ya mahindi ya jirani.

Mama Ayuma alikuwa amesimama dirishani anamtazama.

Jumatatu Ayuma aliniambia shuleni, bila kunitazama usoni: "Mama anasema baba yako amenunua ploti yetu huko ofisini kwake. Ndiyo maana mnaweka mipaka. Na mama yako anaibariki."

Nilimpelekea mama maneno hayo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Maana mama naye alikuwa amekwisha kuamua nani alimleta mganga. Nani mwingine alijua kwamba siku za Ijumaa nyumba huwa tupu? Alichukua sufuria ya Mama Ayuma, akaisugua kwa majivu mpaka nikaona meno yangu ndani yake, akanikabidhi. "Mrudishie yake."

Mama Ayuma aliipokea mlangoni. Aliiinamisha, akatazama ndani kwa muda, kisha akaingia nayo. Nilidhani anatafuta dawa za uchawi. Jioni nilipokwenda na vitabu vyangu, mlango ulikuwa umefungwa, na mwanga wa karabai ukipenya chini yake.

Nilisoma kwa koroboi nikikohoa, pua imejaa masizi. Hesabu za asilimia zilinigeuka ukungu. Kila nilipopita na sinia, muuza nyama aliniuliza kama ndevu zimeanza.

Mwokozi wetu alikuja na tai shingoni, amebeba darubini ya miguu mitatu. Aliisimamisha uani kwetu, akafumba jicho moja. Mama alitoka upande huu, Mama Ayuma upande ule, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake.

"Baba, hivi ni vyako?" mama akamuuliza yule bwana.

"Ndiyo, mama. Tunapima reli mpya ya abiria, kutoka mjini mpaka huku. Treni ndogo ndogo, za kusimama kila mahali."

"Isimame jikoni kwangu?"

"Ikibidi, mama."

"Basi kiruke hicho kijiti."

"Nini?"

"Kama huna ubaya, kiruke. Mara tatu."

Bwana yule alitazama huku na huku kutafuta msaada, na Mama Ayuma ndiye aliyemjibu: "Si umeambiwa uruke? Ruka, mzee. Na ukimaliza utaniambia hii shamba iko na jina ya nani."

Akaruka, tai ikimpiga usoni. Alipotua mara ya tatu, alisema akihema kwamba ploti haijanunuliwa na mtu, ni serikali tu inapima. Wanawake wale wawili wakatazamana kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi.

"Serikali," akasema Mama Ayuma.

"Afadhali mganga," akasema mama.

Kabla ya magharibi Ayuma alikuja na ile sufuria, imejaa kunde zilizoungwa kwa maziwa, na mkono wa pili kashika karabai. Treni haikuja. Vijiti vikaishia kushikilia nyanya za mama. Lakini mimi nilikuwa nimeiona ile darubini, na mtihani niliupita.

Nilipopata nafasi ya kwenda ng'ambo sikuwa na kitu. Muuza nyama, yule yule, aliniazima koti lake zito. Mama Ayuma aliniazima sanduku la mbao alilotengeneza mumewe. Siku niliyorudi na Diploma nilizunguka Uthiru nikirudisha vya watu. Muuza nyama nilimvisha koti lake mwenyewe, mbele ya wateja, kisha nikamkunjulia karatasi yangu ili aisome vizuri.

Mwisho nilifika kwa Mama Ayuma. Alipokea sanduku mlangoni, akalifungua, akainama kutazama ndani, vile vile kama alivyoitazama sufuria. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitafuta siku ile. Safari hii palikuwa na blanketi la sufi, na juu yake mahamri ya mama, bado ya moto.

"Haya," akasema. "Hii sasa imerudi."